Mwani usoni: rangi inayopotea kati ya kamba na kichupa

Chukua kipande cha mwani mwekundu uliotoka baharini sasa hivi, ukichovye kwenye kikombe cha maji yaliyochemka. Muda si mrefu wekundu unaondoka na kipande kinabaki kijani kama mchicha. Ukijani huo ulikuwamo tangu mwanzo, ila ulifunikwa na rangi nyekundu iitwayo fikoerithrini, ambayo haistahimili moto. Jaribio hili halina gharama, na linaeleza shida ya mwani kwenye vipodozi vya uso vizuri kuliko brosha yoyote. Vitu vinavyoufanya mwani usifiwe kuwa na antioksidanti ni dhaifu. Vinakufa kwa joto, kwa mwanga, kwa hewa na kwa magadi. Nasi, kuanzia tunapouanika mpaka tunapoupikia sabuni, tunaupitisha kwenye vyote vinne.

Sisemi mwani haufai uso. Unafaa, tena sana. Ila kinachofika usoni mara nyingi ni utelezi wa mwani, na kilichoandikwa kwenye lebo ni antioksidanti. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na anayevichanganya anamnyima mteja alicholipia na anamnyima mkulima bei ambayo angestahili.

Antioksidanti yenyewe ni nini? Jua la mchana, moshi wa magari na hata kazi ya kawaida ya seli huzalisha chembechembe huru, yaani molekuli zilizopungukiwa elektroni. Chembe ya namna hiyo huipora elektroni kwenye chochote kilicho karibu, iwe mafuta ya ngozi, protini au kolajeni, na aliyeporwa naye hugeuka mporaji. Antioksidanti ni yule anayekubali kuporwa bila kwenda kupora wengine. Ngozi ina akiba yake: vitamini E ndani ya mafuta yake, vitamini C, glutathioni. Kipodozi kinakuja kuongezea akiba hiyo inapopungua.

Mwani kusifiwa si bure. Mmea huu unaishi maji mafupi, na bamvua inapopwa unabaki umelala juani bila kivuli. Hauna pa kukimbilia, kwa hiyo unajitengenezea kinga mwilini. Mwani wa rangi ya kahawia una florotanini na rangi iitwayo fukozanthini. Mwani mwekundu una fikoerithrini, karotenoidi kama zeazanthini na luteini, polifenoli kiasi (kundi jingine la antioksidanti za mimea), na vijiamino vya pekee vinavyomeza miale ya jua. Hivi vya mwisho vinajulikana zaidi kwa wingi wake kwenye kundi la nori, ule mwani ambao Wajapani hufungia wali. Kuna kiambato cha Uswisi, Helioguard 365, kilichotokana na Porphyra umbilicalis wa kundi hilohilo, na waliokitengeneza walivifungia vijiamino hivyo ndani ya vijimfuko vya mafuta.

Ukipanga kwa nguvu ya antioksidanti peke yake, mwani wa kahawia uko mbele. Ndiyo maana Wakorea wanashughulika na Ecklonia cava na Wafaransa wa Bretagne na Fucus vesiculosus. Kwetu pwani ya Afrika Mashariki tuna Sargassum, Turbinaria na Padina, ambao mawimbi huutupa ufukweni na watu wakaufagia kama takataka. Tunachokilima, hata hivyo, ni mwekundu.

Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, baada ya miaka mingi ya utafiti wa Profesa Keto Mshigeni. Mbegu zilitoka Ufilipino. Aina zilizoshika ni mbili: Eucheuma denticulatum, ambao sokoni unaitwa spinosamu, na Kappaphycus alvarezii, ambao ni kotonii. Kotonii una bei nzuri zaidi, lakini umeshindwa sehemu nyingi kwa sababu maji mafupi yamezidi kupata joto. Matawi yanakuwa meupe, yanalainika, yanakatika na kuchukuliwa na mkondo. Spinosamu ndio uliovumilia. Wote wawili hununuliwa kwa ajili ya karajinani, ile gundi inayoshikilia dawa ya meno na maziwa ya chokoleti. Spinosamu hutoa karajinani ya aina ya iota, laini na yenye kunyumbulika. Kotonii hutoa kappa, ngumu, inayovunjika kama jeli iliyokaa friji usiku kucha.

Mnunuzi wa karajinani hana haja na rangi. Anatazama ukavu, na unyevu wa takribani asilimia 35 unamtosha. Anatazama mchanga na takataka. Basi. Kwa hiyo mkulima, ambaye Zanzibar kwa kawaida ni mwanamke aliyevuna kwenye bamvua akaubeba mwani ukiwa unachuruzika, anauanika juani kwa sababu jua ni bure na linakausha kwa siku mbili tatu. Ana haki kabisa. Hakuna aliyewahi kumlipa senti moja zaidi kwa sababu mwani wake umebaki na wekundu.

Tatizo linaanza mtengeneza vipodozi anapoingia stoo ileile ya gunia lilelile, akachukua mwani uliopauka mpaka rangi ya majani makavu, akasaga, halafu akaandika "una antioksidanti nyingi". Jua lilishakula.

Mvua nayo inakula, na inakula haraka zaidi. Mwani ulioanza kukauka ukinyeshewa kabla haujaanuliwa, seli zake zinapasuka na maji yanayodondoka chini ya chanja yanakuwa ya waridi. Ule uwaridi ni fikoerithrini inayokwenda mchangani. Pamoja nayo zinaondoka chumvi na kila kinachoyeyuka kwenye maji. Mwani wa namna hiyo bado una sehemu kubwa ya karajinani yake, na kiwandani unaweza kupokelewa. Kwa seramu ya uso umekwisha.

Hapa niongeze neno juu ya mwani wa dhahabu unaouzwa mitandaoni kwa jina la sea moss, na ambao ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza wanaununua kwa bei ya kutisha kwa ajili ya kunywa na kupaka. Mwingi si ule Chondrus crispus wa Ireland wanaodhani wananunua. Ni Gracilaria, Eucheuma au Kappaphycus kutoka visiwa vya joto, na Zanzibar ikiwemo. Unjano ule mwangavu haukuja nao kutoka baharini. Unapatikana kwa kuufunika mwani kwa plastiki juani, kuuosha na kuuanika tena mpaka rangi zake zitoke. Kadiri unavyopendeza kwenye picha, ndivyo ulivyobakiwa na kidogo.

Ukitaka mwani wa usoni, ukaushaji ubadilike. Chanja iinuliwe kutoka mchangani, itandikwe wavu, na juu yake pawe na kivuli cha makuti au wavu mzito mweusi. Upepo ndio ukaushe. Mwani usambazwe tabaka moja, ugeuzwe mara tatu nne kwa siku, na usiku uanuliwe kwa sababu ya umande. Kwa pepo za kusi au kaskazi zikiwa zinavuma vizuri, siku tatu hadi nne. Masika usijaribu bila kikaushio kilichofunikwa, na humo joto lisizidi nyuzi 45 za Selsiasi. Ukavu wa kutosha kwa kazi hii si ule wa asilimia 35. Tawi likikunjwa linatakiwa kukatika kwa mlio, si kupinda. Kisha mfuko usiopitisha hewa na mwanga, upesi, kwa sababu chumvi iliyobaki juu ya mwani huvuta unyevu hewani, na ule uliokatika jana utapinda wiki ijayo. Utapata kilo moja kavu kutoka kwenye takribani kilo kumi mbichi.

Wanaopima na wanachopima

Makala nyingi za kusifu mwani zinaegemea kipimo kiitwacho DPPH. Ni kipimo kizuri na rahisi. Mchanganyiko wa rangi ya zambarau unawekwa kwenye kichupa, unatiwa dondoo la mwani, na kadiri zambarau inavyofifia kuwa njano ndivyo dondoo lilivyo na nguvu. Mashine inasoma rangi kwenye mawimbi ya nanomita 517. Chuo chochote chenye maabara ya kemia kinaweza kukufanyia.

Lakini kichupa hakina ngozi. Tabaka la juu la ngozi ni ukuta wa seli zilizokufa zilizobandikwa kwa mafuta, na kanuni inayotumiwa na wengi tangu mwaka 2000 ni kwamba molekuli inayozidi uzito wa daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupita kwa shida. Vitamini C ina 176. Vijiamino vya nori viko kati ya 240 na 350, kwa hiyo ukubwa si kizuizi chao; shida yao ni kupenda maji mno. Fukozanthini ina karibu 659, imezidi kidogo. Karajinani? Kati ya laki mbili na laki nane. Inakaa juu ya ngozi kama mkeka, na anayekwambia inaingia ndani kurekebisha kolajeni hajui anachosema au anajua na anataka hela yako.

Mkeka huo wenyewe una kazi. Karajinani ya iota hushika maji, huacha utando mwembamba usio na mafuta, na ngozi kavu ya kiyoyozi au ya upepo wa bahari huusikia kwa dakika chache. Kwa ngozi inayotoka chunusi, ambayo haipendi krimu nzito, utando huu ni bora kuliko mafuta ya nazi ambayo tunapenda kuyapaka kila kitu na ambayo huziba vinyweleo vya uso kwa watu wengi. Ningependa kuona lebo zinazosema hivyo tu: utelezi wa mwani wa kutuliza na kushika unyevu. Ni dai la kweli na lina soko.

Kwa kulinganisha, antioksidanti ya kupaka iliyochunguzwa vizuri zaidi kwa ngozi ni vitamini C. Mchanganyiko wa asilimia 15 ya vitamini C, asilimia 1 ya vitamini E na asilimia 0.5 ya asidi feruli ulichapishwa mwaka 2005 na ulionyesha kuikinga ngozi na madhara ya miale ya jua kwa takribani mara nane, pale ambapo C na E bila feruli zilifika mara nne. Angalia viwango hivyo: kumi na tano kwa mia. Sasa fanya hesabu ya krimu ya mwani. Tuseme mtengenezaji ameweka asilimia 2 ya dondoo, na dondoo hilo, kama mengi ya dukani, ni maji na glisirini yenye asilimia 1 ya yabisi ya mwani. Kwenye kopo la gramu 50 kuna gramu 1 ya dondoo, na ndani yake miligramu 10 za mwani. Hata punje moja ya mchele ina uzito zaidi ya huo. Na si miligramu zote kumi ni antioksidanti. Sehemu kubwa ni chumvi na sukari.

Mnunuzi anaweza kuligundua hili akiwa amesimama dukani. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, na vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kupangwa vyovyote mwishoni. Kihifadhi kinachoandikwa Phenoxyethanol hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1 kwenye soko la Ulaya, na watengenezaji wengi duniani hufuata kipimo hicho. Jina la kisayansi la mwani likija baada yake, mwani uliomo hauzidi asilimia 1. Na ukiona neno Carrageenan peke yake, ujue umenunua kinenesha, si antioksidanti.

Masufuria mawili

Anayetaka kutengeneza jeli ya uso yenye vyote viwili, utelezi na rangi, asipike kila kitu pamoja. Karajinani haitoki bila moto, na rangi hazibaki kwenye moto. Suluhisho ni masufuria mawili.

La kwanza ni la moto. Spinosamu mkavu gramu 30, hapa hata ule wa juani unafaa, uoshwe kwa maji baridi mara tatu mpaka mchanga na chumvi viishe, kisha uingie kwenye lita 1 ya maji yaliyochujwa vizuri au maji yaliyotoneshwa. Nyuzi 80 hadi 90, bila kuchemka kwa fujo, dakika 45 hadi 60. Maji yaliyopungua yarudishwe mpaka lita 1. Chuja ungali wa moto kwa kitambaa cha melimeli; ukisubiri upoe, utakamua kitambaa mpaka mikono iume na hakitoki kitu. Sufuria liwe la chuma kisichoshika kutu au la enameli.

La pili halioni moto. Mwani wa kivulini gramu 20, uoshwe mara moja tu na kwa haraka, sekunde thelathini, maana ukiuloweka unaosha kilekile unachokitafuta. Ukaushwe kwa kitambaa, ukatwekatwe au usagwe kwenye mashine ya viungo, utiwe kwenye gramu 200 za mchanganyiko wa glisirini na maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu. Chombo kifunikwe kisipate mwanga, kikae saa 24, kitikiswe mara kadhaa. Kamua kwa melimeli, halafu upitishe kwenye karatasi ya kuchujia kahawa. Mwani hunywa sana, kwa hiyo tegemea kupata gramu 120 hivi. Rangi iwe ya waridi au kahawia nyekundu. Ikiwa njano iliyofifia, mwani ulikuwa umekwisha kabla hujaanza. Dondoo likae friji.

Kwa gramu 100 za jeli: gramu 60 za utelezi, gramu 10 za dondoo, gramu 3 za glisirini, gramu 25.9 za maji yaliyotoneshwa, gramu 1 ya kihifadhi cha fenoksiethanoli kilichochanganywa na ethilihekzilglisirini, na gramu 0.1 ya EDTA. Mizani iwe inayosoma nukta. Kijiko cha chai si kipimo cha kihifadhi. EDTA iyeyushwe kwenye yale maji kwanza. Utelezi ukishuka hadi nyuzi 40 ndipo dondoo na kihifadhi viingie, kwa kukoroga polepole. Mwisho pH, yaani kiwango cha uchachu, kwa karatasi ya kupimia, ishushwe hadi kati ya 5 na 5.5 kwa matone ya maji ya asidi sitriki ya asilimia 10. Asidi isitiwe kwenye utelezi wa moto: asidi na joto vikikutana huikatakata karajinani, na asubuhi unakuta maji.

Ile EDTA watu huiogopa kwa jina lake. Kazi yake hapa ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mwani hukusanya madini, pamoja na chuma, na chuma kidogo tu kwenye krimu huharakisha mafuta kuchacha na huzalisha chembechembe huru zilezile tulizokuja kuzizuia. Mwani uliotiwa bila kitu cha kuishika chuma unaweza kugeuka mporaji. EDTA inaifunga. Isizidi hiyo gramu 0.1, kwa sababu huishika pia kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayoisimamisha iota. Ukizidisha jeli inalegea. Asiyeitaka atumie sodiamu fiteti.

Kosa linalorudiwa zaidi kuliko yote ni kudhani kuwa vitamini E ni kihifadhi. Vitamini E huzuia mafuta kuchacha. Bakteria haiwajui. Utelezi wa mwani ni maji na sukari, yaani chakula, na kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam utaoza ndani ya siku mbili tatu, mara nyingine bila harufu wala alama yoyote, huku mtu akiupaka karibu na macho. Mwenye kusisitiza "asili tupu, hakuna kemikali" atengeneze kidogo, aweke friji, na amwage baada ya wiki.

Makosa mengine yana alama zake. Jeli ikigeuka kahawia ndani ya wiki, polifenoli zimeungua kwa hewa au kwa chombo cha chuma kinachoshika kutu. Ikinuka shombo, mwani ulikaa na unyevu gunia likiwa limefungwa. Ikichoma macho au ikikwaruza, chumvi haikuoshwa. Ikigandamana vipande vyeupe mara tu ulipotia kilainishi cha nywele au kihifadhi chenye chaji chanya, kama benzalkoniamu, hilo ni jambo la kemia na halina tiba: karajinani ina chaji hasi, vikikutana vinashikana na kutengana na maji. Kopo la mdomo mpana nalo ni kosa, kwa kuwa kila kidole kinaingiza hewa na wadudu. Tumia chupa ya pampu isiyopitisha mwanga. Na kabla ya kuuza, chupa moja ikae wiki nne kwenye nyuzi 40, nyingine friji gizani. Kisha ziweke ubavu kwa ubavu. Tofauti ya rangi utakayoiona ndiyo itakayompata mteja wako kwenye dashibodi ya gari.

Sabuni ya mwani nitaipitia haraka. Ni sabuni nzuri, watalii huinunua, na vikundi vya akina mama vimepata kipato kwayo. Mtafiti wa mwani Dkt. Flower Msuya na wenzake wamefanya kazi kubwa ya kuusukuma mwani kutoka guniani kwenda kwenye bidhaa. Lakini sabuni hutengenezwa kwa magadi makali, hubaki na pH ya 9 hadi 10, na hukaa usoni chini ya dakika moja kabla ya kusuuzwa. Polifenoli haivumilii hali ya magadi. Kuandika antioksidanti kwenye kipande cha sabuni ni mapambo.

Mwani si kinga ya jua pia. Kumeza miale maabarani na kuwa na kipimo cha SPF, yaani kiwango cha kukinga jua, ni mambo mawili, na SPF haiandikwi bila kupimwa. Wala mwani haung'arishi uso. Krimu "ya mwani" inayokupausha ndani ya wiki mbili ina kitu kingine ndani, na kwa kawaida ni haidrokwinoni au zebaki, vilevile vya mkorogo, vilivyopigwa marufuku. Tanzania Bara vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, na Zanzibar na Wakala wa Chakula na Dawa. Bidhaa isiyo na usajili wao, hata ikiwa na picha ya bahari, iache rafuni. Mtengenezaji naye apeleke mwani wake ukapimwe arseniki, risasi na kadmiamu, hasa akiamua kutumia ule wa kahawia, ambao hukusanya arseniki na aidini kwa wingi. Asivune karibu na bomba la maji taka la hoteli. Na bidhaa mpya ijaribiwe kwanza ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku saba, kabla ya kwenda usoni.

Nirudi kwenye bei, kwa kuwa huko ndiko watengenezaji wengi hujitetea: mwani wa kivulini ni ghali, unachukua nafasi na siku nyingi, mkulima hatakubali. Tupige hesabu kwa fomula ileile ya juu. Kilo 1 ya mwani wa kivulini kwenye kilo 10 za glisirini na maji hutoa takribani kilo 6 za dondoo. Kilo 6 za dondoo kwa asilimia 10 ni kilo 60 za jeli, yaani chupa 1,200 za gramu 50. Utelezi wake unahitaji kilo moja na kidogo ya mwani wa juani. Sasa tuseme mtengenezaji amlipe mkulima shilingi 10,000 zaidi kwa ile kilo moja, ili aianike kivulini, aigeuze mara nne kwa siku, aianue jioni na aandike kwenye mfuko tarehe ya kuvuna. Kwa kila chupa ni shilingi 8. Kifuniko peke yake kinazidi hapo.